Benchi Lako Tumelirudisha Nyumbani, Kocha Mluzi

Mwaka umetimia, mkwe wangu, tangu jioni ile uliposema unajinyoosha kidogo kabla ya mazoezi, ukalala na viatu vya mpira miguuni, usiamke. Watoto walikuwa wameshafika uwanjani. Walikungoja mpaka giza likaingia. Katika miaka yote uliyowafundisha, hiyo ndiyo siku pekee uliyowafanya wangoje.

Wapo watakaoona ajabu mama mkwe kuandika haya gazetini wakati mke na mwana wapo. Ni wao walionipa kalamu. Binti yangu alisema, "Andika wewe mama, mimi nitafika nusu ya mstari nilie." Mwanao alisema hana uso wa kukuandikia. Basi imeniangukia mimi wa shule ya msingi. Nikizunguka sana utanivumilia, kama ulivyokuwa ukinivumilia mezani nikianza habari ya jirani kwa kusimulia kwanza habari ya bibi yake.

Unakumbuka ulivyokuja kuposa? Nilikuuliza unafanya kazi gani, ukasema asubuhi unachomelea vyuma na jioni unafundisha watoto mpira. Nikauliza, hiyo ya jioni nayo ni kazi? Ukasema, "Hapana mama, hiyo ndiyo ninayopumzikia ile ya asubuhi." Niliingia jikoni nikamwambia binti yangu kwa sauti ya kutosha uisikie, "Huyu anatafuta mke au golikipa?" Ukajibu toka sebuleni, kwa adabu zako zote, "Mama, nimepungukiwa na wote wawili."

Hapo nilikupenda, ila sikukuonyesha mpaka mjukuu wa kwanza alipozaliwa.

Magoli ya kwanza ya ligi yetu ya watoto uliyatengeneza kwa kitanda changu cha chuma. Uliniomba kile cha zamani kilichokuwa kinalia usiku kucha kama mgonjwa, nikadhani unakwenda kukitupa. Jumamosi iliyofuata napita uwanjani, naona kichwa cha kitanda changu kimesimama na wavu, na mtoto anakifunga bao. Nilikwambia, "Baba, mimi nimezaa watoto wanne juu ya mlingoti huo." Uliona haya siku nzima. Jioni ukaleta kitanda kipya ulichokichomelea mwenyewe, hakijalia mpaka leo.

Kipyenga ulikuwa nacho zamani, kikaibiwa na mbuzi wa jirani, au ndivyo watoto walivyokudanganya. Tangu hapo ukawa unaingiza vidole viwili kinywani na kupiga mluzi uliosikika mpaka nyuma ya kiwanda. Watoto walitupa walichoshika wakakimbia. Mbwa nao walikuja. Jina ulilopewa na wazazi wako likabaki kwenye cheti cha ndoa tu. Mtaani, sokoni, mpaka kwenye zahanati, ukawa Kocha Mluzi.

Na ulikuwa na utaratibu wako, ambao nauandika hapa ili mtu yeyote asije akasema hatukuujua. Mtoto akija uwanjani, anacheza. Wakija kumi na wanne, wanacheza kumi na wanne. Walio ndani wakichoka unapiga mluzi, wanatoka wote kwa mkupuo na wengine wanaingia, hata kama timu inaongoza, hata kama aliyetoka ndiye anayefunga na aliyeingia bado anauogopa mpira. Na waliotoka hawakukaa. Nyuma ya goli uliwachorea kiwanja kingine kidogo kwa chokaa, na mpira wao wa matambara, nao wakaendelea na mechi yao. Kuna watu wazima walikuwa wanakuja kutazama hiyo ya nyuma ya goli na kuipa mgongo ile kubwa.

Mwenyekiti wa ligi, yule mwenye duka la viatu, alikuwa akikusumbua kila msimu. "Kocha, vyuma unavyo, moto unao, mikono unayo. Tuchomelee benchi la wachezaji wa akiba tufanane na ligi za watu." Nami nilikuwepo siku ulipomjibu, maana nilikuwa nimekaa juu ya ndoo yangu nikisubiri jezi za kufua. Ulimwambia, "Benchi ni kitu cha kungojea. Mtoto aliyekuja kucheza angoje nini?" Mwenyekiti akasema, "Basi tufanyie sisi wazee." Ukasema, "Wazee wana ndoo." Ukanikonyeza mimi, mama mkwe wako, mbele za watu.

Ulichomelea magoli, ulichomelea kulabu za nyavu, toroli la kubebea maji, mpaka kibao cha matokeo chenye misumari ya kutundikia namba. Benchi hukuchomelea. Haya yote tuliyajua. Hakuna hata mmoja wetu anayeweza kusema hakuwa anajua.

Sasa nitasema tulichofanya.

Ulipozikwa, watu walitaka kukufanyia jambo la kudumu. Kikao kilikaa sebuleni kwetu. Mmoja akasema tupande mti, mwingine akasema tupake uzio rangi. Mwenyekiti akasema, "Tumfanyie benchi. Tuliandike jina lake mgongoni. Kila atakayekaa amkumbuke." Sebule nzima ikaitikia. Binti yangu alilia kwa kuguswa. Mwanao, ambaye watu wanamjua kwa ukinyozi wake pale njia panda, akasema yeye ndiye atakayeichukua timu ya baba yake. Nami, mkwe wangu, nilipoulizwa herufi ziwe kubwa kiasi gani, nilinyoosha kiganja changu chote nikasema, "Hivi. Zionekane toka barabarani."

Hakuna aliyekumbuka ile ndoo. Au tulikumbuka, tukaona marehemu hawezi kukataa zawadi.

Alilitengeneza yule kijana uliyemfundisha kazi. Alilifanya vizuri, asilaumiwe kwa mkono wake. Ila tulimharakisha liwahi siku ya uzinduzi, akaruka ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu ambayo wewe ulikuwa hujawahi kuiruka hata kwenye banda la kuku. Likasimama pembeni mwa uwanja, refu, jekundu, KOCHA juu na MLUZI chini, herufi za chuma zimetokeza nje. Siku hiyo tulikaa sisi wazee kwa zamu tukipigwa picha. Watoto walisimama juani wametuzunguka, na jezi zao safi.

Benchi likishakuwepo, mtu atalikalia. Mwanzo walikaa waliokuwa wamechoka. Kisha mwanao akaanza kuwaambia wawili watatu wakae kwanza, atawaita. Wala hakuwa na roho mbaya, na wewe ndiye unayeujua moyo wake kunizidi. Kombe la msimu ule mwenyekiti alikuwa amelipa jina lako, na mwanao likamkaa kooni. Nilimwuliza mara moja tu, akiwa ananinyoa nywele za shingoni, "Mbona hawa wengine siwaoni uwanjani?" Akasema, "Bibi, kombe lina jina la baba. Likienda mtaa wa pili, sisi tutakwenda wapi na nyuso zetu?" Nikasema, "Nyoa taratibu, hapo pana chunusi." Ndivyo nilivyomjibu.

Kiwanja kidogo cha nyuma ya goli kikaota majani. Hakuna aliyetoa amri kife. Ila mtoto aliyeambiwa akae angoje kuitwa hawezi kwenda nyuma ya goli, maana huenda akaitwa.

Unajua kuwa jezi nafua mimi. Nguo inasema mengi kuliko mwenye nguo, nami nilikuwa nakwambia nani kaanguka na nani kalia, kwa kutazama magoti na mikono tu. Msimu ule jezi namba kumi na tano ilianza kuja na jambo jipya. Mbele safi, mikono safi, na mgongoni michirizi ya rangi ya matofali. Kutu. Nilidhani mtoto ameegemea uzio. Wiki iliyofuata ikaja tena, na wiki iliyofuata, na siku moja nilipoianika ikielekea jua nikaziona herufi, zimegeuka kama za kwenye kioo, nusu ya neno la juu na nusu ya la chini, zilizotosha kwenye mgongo mdogo. Lilikuwa ni jina lako.

Nilijua pale pale. Mtoto hawezi kupata alama ile kwa kukaa kidogo. Lazima akae, atoe jasho la jua, ajiegemeze, akae tena.

Nilichukua limau na chumvi, nikasugua mpaka ikatoka. Jumamosi nyingine nikasugua tena. Binti yangu aliniuliza malimau yanakwenda wapi, nikasema nina kikohozi. Timu ilikuwa inashinda, mkwe wangu. Watu walikuwa wananisimamisha njiani kunipongeza. Nami nikawa nalisugua jina lako mgongoni mwa mtoto wa watu, nakausha, nakunja, namrudishia akalikalie tena.

Namba kumi na tano ni binti wa mama mshona mapazia. Wewe ulimwita Kimya. Ulisema atakuja kuzungumza kwa miguu.

Tulishinda lile kombe. Siku ile watoto walipanga foleni kunirudishia jezi, wengine wakinitupia kichwani kwa furaha, zinanuka jasho na majani. Kimya alikuja wa mwisho. Yake alikuwa ameikunja vizuri, mikono ndani, kola juu, kama ya dukani. Akasema, "Bibi, yangu usijisumbue kuifua. Haijatumika."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananihurumia mikono.

Nilirudi nyumbani nikaiweka mezani ile jezi, mgongo juu, mbele ya mwanao aliyekuwa anaweka kombe pembeni mwa picha yako. Akauliza, "Hii nini?" Nikasema, "Soma." Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule, mpaka ikamwingia. Akakaa chini. Hakula siku hiyo. Alisema tu, "Bibi, umeiona toka lini?" Hilo ndilo swali nililokuwa naliogopa, na jibu lake ndilo umelisoma hapo juu.

Ungedhani tuling'oa benchi kesho yake. Hatukuling'oa. Palikuwa na mkeo.

Tangu lisimame, binti yangu alikuwa anakwenda kulikalia kila jioni baada ya kufunga kibanda chake cha nguo. Makaburini hawezi kukaa sana, anasema kule hukuwahi kumpeleka. Uwanjani ndiko alikokuzoea. Tulipomgusia habari ya kuling'oa alinitazama mpaka nikajuta kuzaliwa. "Na pale pia mnanitoa?" Mwenyekiti naye alikuja juu. "Mama, benchi la marehemu? Watu watatuelewaje?" Ninyi mliokuwa mnashangaa tunabishana nini pale nje ya duka la viatu, tulikuwa tunabishana hili.

Aliyetuamua ni Kimya, na wala hakujua.

Ilikuwa mechi ya kwanza ya msimu mpya. Mwanao alikuwa ameahidi kuwaingiza wote, ila mchezo ulipokaza, zile ahadi zikamponyoka tena. Mchana huo mkeo akafika akiwa amechoka, kibanda amekiacha wazi, akalikuta benchi lina watoto. Kimya akasogea, akapangusa nafasi kwa kiganja. "Karibu mama, kaa huku kwetu. Hapo pana msumari."

Binti yangu akakaa. Wakatazama mpira pamoja kitambo. Kisha akamwuliza, bila kufikiri, kama mtu anavyouliza mtoto yeyote, "Na wewe unangoja nini?"

Anasema alipoyatoa tu yale maneno aliisikia sauti yako ndani yake.

Mtoto akasema, "Nangoja mtu aumie, mama. Kidogo tu. Asiumie sana."

Mkeo alirudi nyumbani na kibanda cha nguo hajakifunga. Alisimama mlangoni akamwambia mwanao, "Chukua mashine ya baba yako ukalikate. Leo. Nami nitakushikia."

Walikwenda wote wawili. Mwanao alikata miguu ya benchi kwa ile mashine yako ya kukatia, cheche zinaruka, watoto wakitazama kwa mbali. Alipomaliza alijifuta uso kwa kiganja chenye vumbi la chuma, akabaki na mstari mweusi toka jicho mpaka kidevu, na hakuna aliyemwambia. Wakalibeba begani yeye na yule kijana wako wa karakana, wakapita nalo barabarani mchana kweupe. Ndipo maneno yalipoanza, kwamba familia imekosana, kwamba mtoto amemwuza baba yake kwa vyuma chakavu. Tumeyasikia yote. Tulistahili kusemwa, ila kwa jambo jingine, na jambo lenyewe ndilo hili tulilolieleza hapa, gazetini, ili kila mtu alisome kwa wakati mmoja na nisilazimike kulirudia mlango kwa mlango.

Benchi halikuuzwa. Liko uani kwetu, chini ya kamba ya kuanikia. Tumelichomelea miguu mipya. Mkeo analikalia jioni akimaliza kazi, mwenyekiti amelikalia alipokuja kuyamaliza, nami nalikalia nikingoja nguo zikauke. Kungoja ni kazi yetu sisi. Tunaiweza.

Kiwanja cha nyuma ya goli kimefyekwa na kuchorwa chokaa. Mwanao amejifunza kupiga mluzi kwa vidole. Bado unatoka na mate mengi kuliko sauti, watoto wanamcheka, naye anapiga hivyo hivyo. Mluzi ukilia, wanatoka wote na wengine wanaingia. Jumamosi iliyopita tulifungwa vibaya na timu ya sokoni. Kimya aliingia, akaugusa mpira mara chache, mara nyingine ukamgusa yeye, akaanguka kwenye tope mbele ya goli la kitanda changu. Akaniletea jezi kwa ncha za vidole. "Bibi, samahani. Nimeichafua mno." Nilimwambia aniachie. Niliifua taratibu, na maji ya kwanza nilishindwa kuyamwaga upesi.

Lakini sitaki ufikiri tumekwisha kujisafisha. Wapo watoto walioondoka msimu ule wa kombe na hawajarudi. Namba nane. Yule mwenye miwani iliyofungwa kwa mpira. Ndugu wawili waliokuwa wanagawana viatu, mmoja kulia mmoja kushoto. Tumekwenda makwao, tumeongea na wazazi wao, wametupokea vizuri na watoto hawakutoka chumbani. Kama unasoma haya na una mtoto ndani aliyeacha mpira akasema hataki tu, mwambie Jumamosi hii tunamkumbuka Kocha Mluzi. Hakutakuwa na hema wala hotuba. Mpira utaanza akifika wa kwanza. Pa kukaa hapatakuwepo, na wazee waje na ndoo zao.

Tusamehe, mwanangu. Tulitaka jina lako lionekane toka barabarani, tukasahau ulilipata kwa kazi gani.

Jambo moja la mwisho, dogo. Juzi nilivua gauni langu lile la kijivu nikaliona jina lako mgongoni, juu KOCHA, chini MLUZI, kutu tupu, zote zimetosha maana mgongo wangu ni mpana. Malimau yapo jikoni. Sijalifua.

Unakumbukwa na mkeo. Na mwanao kinyozi na mkewe. Na binti yako muuguzi aliye mbali, anayesema haya yote angetuambia mapema kama tungemwuliza. Na wajukuu zako watatu, mdogo wao amezaliwa wewe ukiwa umeshakwenda, naye tayari anaingiza vidole kinywani. Na kaka zako. Na kijana wako wa karakana, ambaye sasa haruki rangi ya kwanza. Na mama mkwe wako, mwenye ndoo.

Sisi tutakukumbuka tumekaa. Wao watakukumbuka wakikimbia.